Kitenzi Kimoja kwenye Barabara ya Koboko

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Elimu wa Wilaya. Mheshimiwa Mwenyekiti wa RC, baraza letu la mtaa wa hapa Oli, mjini Arua. Baba Padri na Sheikh, ambao mmekubali kuketi benchi moja kwa kuwa la pili limevunjika mguu. Ndugu wajumbe wa kamati. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Ayivu na mliotoka Koboko. Ndugu wahitimu wa darasa la jioni la Kiingereza. Na wewe, Mwalimu Santina Mindra, ambaye leo tunakuaga baada ya utumishi mrefu: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Wengine hamnijui. Mimi ni Severino Okuonzi, mkaguzi wa shule mstaafu, na mwaka huu wa 1993 niliombwa kuwa mtahini wa mtihani wa kuzungumza wa darasa hili. Kwa ajili ya leo nimepewa maombi mawili. Mwalimu Santina ameniomba nitoe somo fupi juu ya kitenzi kimoja cha Kiingereza, kama alivyozoea kumaliza kila muhula. Kamati nayo imeniomba nieleze kilichotokea siku ya mtihani. Nimeyapima maombi hayo nikaona kwamba nikitimiza moja nitakuwa nimetimiza na la pili.

Kwanza nisahihishe habari za sokoni. Sokoni inasemwa kwamba mama mmoja wa Ayivu alimpiga askari wa zamani kwa kiti mbele ya mtahini. Inasemwa polisi waliitwa. Inasemwa hata kwamba mtahini alitoroka kupitia dirishani. Ndugu zangu, dirisha la chumba kile lina nondo, na umri wangu mnauona. Nilikaa kitini mwangu tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna kiti kilichorushwa. Kilichotokea ni kwamba Viktoria Ayikoru, mkulima wa Ayivu, aliuliza kaka yake yuko wapi, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1979 alijibiwa.

Sasa nije kwenye kitenzi. Kitenzi chenyewe ni "take".

Nilipokuwa kijana shuleni tulifundishwa kwamba maana yake ni kuchukua, tukaamini, tukaandika hivyo, na mwalimu akageuza ukurasa. Baadaye ndipo tukagundua kwamba tumefundishwa mlango tu wa nyumba yenye vyumba vingi. Mwingereza anapokunywa dawa, kitenzi chake ni hicho. Anapoketi kitini, ni hicho. Akipiga picha, akifanya mtihani, akipanda basi, akienda likizo, akimpima mgonjwa joto, akifanana sura na baba yake, hatafuti kitenzi kingine. Ndege inayopaa kutoka uwanja wetu wa Arua na mzee anayevua kofia mbele ya jeneza, wote wawili anawaeleza kwa kitenzi hicho hicho akikiongezea neno dogo nyuma. Safari ikimalizika jioni, anasema imechukua siku nzima, na hapo angalau tunaelewana naye.

Je, tuseme basi kwamba lugha hiyo ina umaskini wa vitenzi? Wengi wa wanafunzi wangu walisema hivyo, nami niliwakatalia. Umaskini si kutumia chombo kimoja kwa kazi nyingi. Kila mama aliyeko hapa ana sufuria moja inayopika ugali, maharage na maji ya kuoga. Lakini iko tofauti moja kati ya lugha yao na yetu ambayo naomba muiangalie vizuri, kwa kuwa ndiyo iliyofanya kazi siku ile.

Fikirini mwaka 1979. Jeshi lililoshindwa lilipita hapa likielekea Koboko, kwao askari wengi, na mpakani. Mtu mwenye bunduki aliingia katika nyumba ya mwenzake akatoka na redio. Kwa Kiswahili, alifanya nini? Mwenye redio atasema ameniibia. Jirani atasema amenyang'anya. Rafiki yake aliyembeba kwenye lori atasema ameazima. Mkewe, aliyepokea redio hiyo Koboko, atasema ameokota. Naye mwenyewe, akiulizwa leo, atasema aliihifadhi isiharibike. Sisi tuna kitenzi kwa kila upande wa barabara, na kila mmoja huchagua kufuatana na mahali alipokuwa amesimama. Maelezo yanakuwa yamekwisha kuingia ndani ya kitenzi kabla hata sentensi haijafika mwisho. Kwa Kiingereza cha mwanafunzi wa mwaka wa pili, mwenye vitenzi vichache mfukoni, mambo ni mafupi. Redio ilichukuliwa. Basi.

Nisieleweke vibaya. Mwingereza aliyezaliwa nayo lugha yake anajua kujipamba kwa maneno kuliko sisi. Nasema habari za Kiingereza cha Oli.

Darasa hili, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, lina kanuni ambayo sijaikuta katika shule nyingine yoyote niliyokagua. Mwalimu Santina aliianzisha uhamishoni, ng'ambo ya mpaka upande wa Zaire, alipokuwa akiwafundisha wakimbizi. Aliona watu waliolala chini ya turubai wakiandika kwamba nyumba yao ni kubwa na ng'ombe wao ni wengi, kwa sababu vitabu viliandika hivyo. Akawaambia kwamba tangu siku ile sentensi haitapewa alama mpaka iwe sahihi na iwe ya kweli. Ukisema una ng'ombe, wenzako wawe wanamjua ng'ombe huyo. Sentensi ikiwa ya uongo, darasa zima linasema "Futa!", nawe unafuta ubao mbele ya wote na kuanza upya.

Nilipoenda kuwaona kabla ya mtihani, nilimkuta mwanafunzi mmoja ubaoni, Kamisi Sule, mwenyeji wa Koboko, aliyekuwa dereva wa jeshi na sasa ni fundi wa baiskeli hapa Oli. Alikuwa ameandika kwamba anakunywa chai yake kwa maziwa.

"Futa!" wakasema.

"Kwa nini nifute? Kiingereza iko sawa."

"Kiingereza iko sawa, maziwa ndiyo haiko! Chai yako tunaiona kila siku, nyeusi kama oili ya gari."

"Ilikuwa asubuhi. Nyinyi hamukuwa."

"Futa, Kamisi!"

Akafuta. Baada yake alisimama Rosa Kiden, mshonaji, akaandika kwamba mwaka huu atachukua mume. Sauti kutoka nyuma ikamwuliza nani atakayekubali kumchukua. Rosa hakugeuka hata shingo. Alisema: "Wewe soma vizuri. Mimi ndiyo nachukua, si mimi nachukuliwa." Mwalimu Santina aliamua kwamba sentensi ya wakati ujao haiwezi kuthibitishwa, akaamuru ibaki ubaoni hadi Desemba. Ndugu Rosa, Desemba haiko mbali.

Nilicheka kwa kadiri inayomfaa mkaguzi, kisha nikamwuliza Mwalimu kwa nini ubao mzima hauna sentensi hata moja ya wakati uliopita. Alinijibu kwa sauti ya chini: "Mzee, nusu ya hawa ni watu wa Ayivu na wa mjini, nusu ni watu wa Koboko. Chai ya leo wanakunywa pamoja. Habari ya nani alichukua nini zamani, hakuna mtu anataka kuandika, maana lazima iwe kweli."

Sasa niwaeleze Viktoria alikuja darasani kutafuta nini.

Katika siku zile za mwaka 1979, lori la jeshi lilizimika barabarani karibu na nyumba yao huko Ayivu. Kaka yake, Andama, alikuwa fundi wa injini, tena fundi mwenye sifa. Askari walipouliza kama yuko mtu anayejua injini, watu walimwonyesha, kwa nia njema, ili lori liondoke mapema. Andama alilitengeneza likawaka. Ndipo sajini akasema apande nao hadi Koboko, lisije likazima tena. Viktoria alikuwa amesimama kando ya barabara na beseni la mihogo. Dereva, mtu mwenye kovu la moto kuanzia kifundo cha mkono hadi kiwiko, alitoa kichwa dirishani akamwambia, "Dada, usilie, kesho anarudi."

Hakurudi. Vita vilifuata, na West Nile nzima ikatembea kwa miguu kwenda Zaire na Sudan. Familia ya Viktoria iliporudi baada ya miaka, habari za Andama zilirudi pamoja nao, kila msafiri na yake. Mmoja alimwona Yei, huko Sudan, ameoa. Mwingine alimwona Aba akiuza samaki mkavu. Mwingine aliapa kwamba yuko Juba, anaendesha gari la shirika, amenenepa. Viktoria alikwenda Aba zaidi ya mara moja. Alikwenda Yei wakati barabara ya Yei haikuwa ya mtu mwenye akili kupita. Watu hawakumdanganya kwa ubaya. Walimwonea huruma, wakampa walichokuwa nacho, kama mtu anavyompa mgeni chakula cha jana kwa kuwa cha leo hakijaiva. Lakini mke wa Andama hakujua kama ni mke au mjane, na nyumba yao haikuweza kufanya matanga wala kuacha kungoja.

Kisha siku moja alipeleka baiskeli Oli kuzibwa pancha, akauona mkono wenye kovu. Mazungumzo yao nimeyapata kwa wote wawili, na hawapingani.

"Wewe ni dereva wa ile lori."

"Dada, lori ilikuwa mingi."

"Ile ilizimika Ayivu. Ulienda na kaka yangu. Iko wapi?"

"Ah, dada. Wakati ile ilikuwa mbaya. Amri ilikuwa natoka juu. Sisi pia tulikuwa watoto ya watu. Kaa kwanza, nikuletee maji."

Akamletea maji, akamweleza. Alimweleza vita tangu vilipoanzia, na mafuta ya gari yalivyokosekana, na maofisa waliotangulia na magari mazuri wakawaachia mabovu, na taabu za uhamishoni, na mtoto wake aliyefia huko. Yote yalikuwa ya kweli. Mpaka pancha ilipokuwa imezibwa na upepo umejazwa, Viktoria alikuwa amejua mambo ya watu wote isipokuwa ya Andama. Alirudi mara nyingine, akapewa tena maji na maelezo.

Ni Rosa Kiden aliyemwambia kuhusu darasa letu, kwamba Kamisi anasoma huko, na kwamba huko sentensi ya uongo inafutwa. Viktoria alikuwa ameacha shule angali mdogo. Alijiandikisha. Mwaka mzima alikuja kwa baiskeli kutoka Ayivu baada ya shamba, akaketi mbele, akajifunza kwa bidii isiyo ya kawaida. Kamisi alipomwona alitaka kuacha, lakini shirika moja la misaada lilikuwa linatafuta madereva wenye cheti cha Kiingereza, naye alikuwa amechoka na pancha. Akabaki, akakaa safu ya nyuma. Ndivyo walivyosoma, mmoja mbele, mwingine nyuma, hadi siku ya mtihani.

Katika mtihani wetu wa kuzungumza, watahiniwa wawili hukaa wakitazamana. Mtahini hutaja kitenzi, nao huulizana na kujibizana kwa kitenzi hicho mpaka aseme inatosha. Mimi ndiye niliyekichagua kitenzi kile, kwa sababu za kisarufi tu. Ni kigumu, na kigumu ndicho kinachopima. Zamu ya Viktoria ilipofika aliomba mwenzake awe Kamisi.

Mwalimu Santina alimgeukia Kamisi. "Unakubali?"

"Mwalimu, mimi nataka cheti."

"Sijauliza cheti. Nimeuliza, unakubali?"

Kamisi alivua kofia. "Nakubali."

Yaliyofuata yalisemwa kwa Kiingereza. Nitayatoa kwa Kiswahili, na kila waliposema "take" nitasema kuchukua, hata pale ambapo Kiswahili safi kingependa kitenzi kingine, ili msikie kama tulivyosikia sisi.

Viktoria aliuliza: "Mwaka 1979, wewe ulichukua nini?"

Kamisi alinitazama mimi, kana kwamba ningeweza kubadili kitenzi. Nilimwashiria ajibu.

"Nilichukua lori kwenda Koboko."

"Katika lori mlichukua nani?" Hapa Viktoria alikosea umbo la kiulizi, nikamkata alama.

"Tulichukua fundi."

"Fundi ana jina."

"Tulichukua Andama."

Chumba kilikuwa kimejaa watahiniwa waliokuwa wakingoja zamu zao. Waliacha kukohoa.

"Mlimchukua mpaka wapi?"

Hapo Kamisi aliweka mikono yote miwili juu ya meza, akaacha Kiingereza. "Mwalimu, wacha niseme na Swahili. Hii maneno iko mingi. Iko na sababu yake."

Mwalimu Santina akamjibu: "Kwa sababu iko mingi, sema na Kiingereza."

Ndugu wageni, nimekaa katika madarasa maisha yangu yote, na sijawahi kumwona mtu akitafuta maneno kwa jasho namna ile. Hakuwa na neno la kusema amri. Hakuwa na neno la kusema hali ilikuwa mbaya. Maofisa, mafuta ya gari na vita vyote vilibaki nje ya mlango kwa kukosa msamiati. Alikuwa na kitenzi kimoja, na mahali, na vitu vya kawaida.

"Tulimchukua mpaka karibu na Koboko. Njiani alichukuliwa na ugonjwa. Tumbo. Hakuchukua chakula. Hakuchukua maji."

"Mlimchukua hospitali?"

"Tulitaka kumchukua."

"Futa," alisema Viktoria. Alilisema kwa Kiswahili, bila kupaza sauti.

Hapakuwa na ubao mbele yake. Kamisi alipangusa meza kwa kiganja, polepole, kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha akaanza upya.

"Hatukumchukua hospitali. Sajini alikataa. Alikufa ndani ya lori, asubuhi, Lobule. Nilimchukua chini. Nilichukua jembe katika shamba la mtu. Nilimchukua mpaka mwisho wa shamba." Akaonyesha kwa mikono yake namna alivyochimba, kwa kuwa kitenzi cha kuchimba hakukijua. "Wengine walikaa ndani ya lori. Mimi peke yangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Imenichukua miaka," alisema.

Kisarufi sentensi ile haina kosa, nami niliipa alama zake. Kama inatosha kuwa jibu, hilo si kazi ya mtahini kupima, na sikupima.

Niliona inatosha, nikasema inatosha kwa Kamisi. Lakini Viktoria alikuwa ameuliza tu. Alikuwa hajatoa sentensi yake mwenyewe ya kuelezea au ya kuamuru, na kanuni inadai itolewe. Nilimkumbusha. Alisimama, ingawa kanuni haidai mtu asimame, akamwambia Kamisi maneno matatu, ambayo nitayasema kama alivyoyasema: "Take me there." Nipeleke huko. Sentensi fupi, ya kuamuru, isiyo na kosa. Nilimpa alama zote zilizobaki.

Mtahini hapimi kama amri imetiiwa. Lakini Kamisi alikuwa amekwisha simama na kofia yake mkononi.

"Kaeni kwanza," Mwalimu Santina aliwaambia, "mtihani haujaisha."

"Kwangu umekwisha, Mwalimu," alisema Viktoria.

Hilo ndilo lililotokea. Baadhi ya wajumbe wa kamati wameniandama wakitaka matokeo ya watu hawa wawili yafutwe, wakisema mtihani uligeuka baraza la hukumu. Nawauliza kwa heshima: ni kanuni gani iliyovunjwa? Kitenzi kilikuwa kile nilichokitaja. Sentensi zilikuwa za kweli. Makosa yalikatwa alama bila kumwangalia mtu usoni. Viktoria amefaulu vizuri. Kamisi amefaulu, lakini si kwa kiwango cha juu. Nyakati zilizopita bado zinamsumbua, na hapo nasema habari za vitenzi. Aliyeongoza darasa ni Rosa Kiden, ambaye hakufanya kituko chochote, na ndiyo sababu sokoni hamjasikia habari zake. Nimetia sahihi. Mheshimiwa Mgeni Rasmi atatoa vyeti vyote, na kama shirika litamwajiri Kamisi au halitamwajiri, hilo ni lao.

Limebaki jambo moja ambalo halikuwa katika mtihani. Sikuwapo, nalisema kama nilivyolipokea kwa Mwalimu Santina, aliyekwenda nao.

Walipanda pick-up hadi Koboko, kisha wakaenda kwa miguu upande wa Lobule, Kamisi akitangulia. Alipotea. Watu walipokuwa uhamishoni nyasi zilikula mashamba, na waliporudi walifyeka mahali pengine, wakahamisha hata njia. Alisimama kila penye mti mkubwa, akatazama, akatikisa kichwa, akaendelea. Viktoria alimfuata nyuma yake. Mwalimu Santina anasema hapo ndipo alipoogopa, maana aliona kwamba wakirudi bila kupaona mahali penyewe, Viktoria hatamwamini tena mtu yeyote katika lugha yoyote.

Mwishowe waliuliza kwa mzee mmoja aliyekuwa akipalilia mtama, jina lake Mzee Amandu. Kamisi alipoanza kueleza kwamba anatafuta mahali alipozika mtu, zamani, siku za lori, mzee aliacha kupalilia.

"Ni wewe ulichukua jembe yangu?"

"Ni mimi, mzee."

"Jembe ilikuwa mpya ile. Mimi narudi kutoka Zaire nakuta kutu tupu, imelala juu ya udongo." Kisha akamtazama Kamisi toka kofia hadi viatu. "Lakini ulichimba vizuri. Fisi haikufukua. Kuja."

Aliwapeleka ukingoni mwa shamba. Palikuwa na tuta la udongo, limesafishwa, na mistari ya mtama ilipolifikia ilipinda ikalizunguka, kisha ikanyooka tena. Mzee Amandu alisema kwamba jembe lililolazwa vile, kwa urefu, lilimfahamisha kuna mtu. Mtu wa nani, kabila gani, Mkristo au Mwislamu, hakujua, wala hapakuwa na wa kumwuliza. Kwa hiyo kila msimu alilima kando yake, akamwachia nafasi. Akamgeukia Viktoria, aliyekuwa amepiga magoti.

"Mama, huyu mtu yako jina yake nani? Mimi naita yeye Jirani tu. Miaka yote hii, asubuhi nafika nasema, Jirani, nimekuja kupalilia."

"Andama," alisema Viktoria. "Mtoto ya Candia, wa Ayivu. Alikuwa fundi ya injini."

Mzee Amandu alivua kofia. Akainama kuelekea lile tuta, akasema, kwa sauti ya mtu anayeamkiana na mwenzake wa siku zote: "Andama. Dada yako amefika."

Ndugu wahitimu, matanga yatafanyika Ayivu wiki ijayo, na familia imewaalika nyote, watu wa Koboko pamoja na watu wa Arua. Mzee Amandu ameahidi kuja. Mwalimu Santina Mindra, unastaafu leo, na mimi si mtu wa kusifu, kwa hiyo nasema tu kwamba nimekagua shule nyingi na kanuni yako ningeipeleka katika zote. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa dini, kamati, wageni wetu wa mbali na wa karibu, nawashukuru kwa utulivu wenu na kwa kunisikiliza mpaka mwisho.